Jaribio la ufahamu wa Kiingereza: namna ya kulitunga ili lipime kuelewa, si kunakili

Soma sentensi hii: "The glimber pluved three tonks behind the rasket before the mulva came." Sasa jibu maswali matatu. "How many tonks did the glimber pluve?" "Where did it pluve them?" "What came afterwards?"

Umepata tatu kwa tatu. Na hujui glimber ni mdudu au ni fundi seremala, kwa sababu maneno hayo hayapo katika Kiingereza. Nimeyabuni sasa hivi. Ulichofanya ni kuliangalia neno la swali, kulitafuta kwenye sentensi, kisha kuchukua kilicho jirani yake. Wanafunzi wetu wanaijua mbinu hiyo kuliko sisi walimu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia, Jiografia na karibu kila kitu kinafundishwa kwa Kiingereza, hujifunza kunakili kabla hajajifunza kuelewa. Akipewa maswali ya namna hii anapata 8 kwa 10, mwalimu anaridhika, naye anafika Kidato cha Tatu akiwa hajasoma aya moja ya Kiingereza akajua inasema nini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye darasa la watoto 60 au 80, ubao, simu yake mwenyewe na karatasi anazogawiwa kwa hesabu. Nazungumzia majaribio ya darasani, yale ya wiki au ya katikati ya muhula. Ya taifa yana watungaji wake.

Hatua ya kwanza: amua unapima nini

Kabla ya kutafuta kifungu, chukua karatasi uandike aina za kuelewa unazozitaka. Kwa kusoma, mimi hutumia tano: kupata taarifa iliyoandikwa wazi, kuunganisha sentensi mbili au tatu ili kupata jibu, kujua kiwakilishi kama "it" au "they" kinamrejea nani, kukisia maana ya neno kutokana na maneno yanayolizunguka, na kusoma kile ambacho mwandishi hakukisema lakini amekiacha kionekane. Kwa kusikiliza: kukamata namba, siku au mahali, kutambua habari iliyobadilishwa katikati ya mazungumzo, na kujua msemaji anataka nini hasa.

Katika maswali 10 ya kusoma, yasizidi 3 ya taarifa ya wazi. Hayo yaweke mwanzoni ili hata mwanafunzi dhaifu apate pa kushika. Yanayobaki yawe ya kuunganisha na kukisia, maana hapo ndipo aliyeelewa anapojitenga na aliyenakili.

Hatua ya pili: kifungu

Kwa Kidato cha Kwanza, maneno 150 hadi 200 yanatosha. Kidato cha Pili, kama 250. Kidato cha Nne wanaweza kubeba 400 na zaidi. Lakini urefu si tatizo kubwa kama msamiati. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation walionyesha kwamba ili msomaji aelewe maandishi vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Maana yake, kwenye kifungu cha maneno 200, maneno mageni yakizidi manne au matano unaanza kupima kamusi badala ya ufahamu. Mpe mwanafunzi wa wastani wa mkondo mwingine apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Dakika tano tu, na utashangaa.

Mada nayo ina mtego. Niliwahi kutoa kifungu kuhusu malaria, nikauliza inaenezwa na nini na tunajikinga vipi. Darasa zima likafaulu. Baadaye nikagundua kwamba kwenye madawati ya nyuma karatasi za kifungu hazikufika kabisa; watoto walijibu kwa maarifa ya Biolojia na mabango ya zahanati. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: mpe mwalimu mwenzako maswali peke yake, bila kifungu. Swali atakalolijibu sawasawa linafutwa. Kwa upande mwingine, usiwapeleke kwenye theluji na treni za chini ya ardhi, mtoto akahangaika na mazingira badala ya lugha. Chukua maisha anayoyajua, ndani yake weka tukio asilolijua.

Huna kifungu? Kiandike mwenyewe. Hiki nilikiandika nikisubiri basi:

"Neema's brother had promised to meet her at the bus stand at four. By half past five the tea seller was folding her table, and Neema had counted the coins in her hand three times. 'Take my phone,' the woman said, 'and tell him you are still here.' Neema looked at the ground. 'I don't know his number by heart,' she said. 'It is in my phone, and my phone is at home, on the charger.'"

Hatua ya tatu: maswali

Kwa kifungu hicho, swali linalokuja haraka ni "Who was folding her table?" Hilo ni glimber na tonks. Jaribu haya badala yake.

"How late was Neema's brother when the tea seller spoke to her?" Jibu ni saa moja na nusu, na halijaandikwa popote, lazima aikute "four", aikute "half past five", atoe moja kwenye nyingine. "Why could the tea seller's phone not help Neema?" Hapa atalazimika kuelewa kwamba simu ipo, nia njema ipo, ila namba haipo. "Who is 'him' in 'tell him you are still here'?" Swali fupi, lakini wengi huandika "the woman" kwa sababu ndiye aliyetajwa karibu. Na la mwisho: "Why do you think Neema counted the coins three times?" Huenda anapima kama nauli itatosha kurudi peke yake. Huenda ana wasiwasi tu, mikono inatafuta kazi. Majibu yote mawili nayapokea, mradi yasipingane na kifungu.

Lugha ya swali iwe nyepesi kuliko ya kifungu. Mwanafunzi akikwama kwenye neno "infer" ndani ya swali, hujui kama angeweza kukisia au la.

Ukitumia maswali ya kuchagua, kumbuka hesabu: yakiwa 20 yenye chaguzi nne, anayeotea macho yamefumbwa anapata wastani wa 5. Kweli na si kweli ni mbaya zaidi, maana nusu ya alama unazigawa bure. Dawa yake ni kumtaka aandike namba ya mstari unaothibitisha jibu lake, na usimpe alama mpaka vyote viwili viwe sahihi. Vipotoshi navyo, yaani yale majibu yasiyo sahihi unayoyaweka kwenye chaguzi, visiwe mzaha. Kila kipotoshi kitokane na kosa ambalo mtoto anaweza kulifanya kweli: aliyechanganya nani na nani, aliyesoma sentensi ya kwanza akaishia hapo, aliyeruka "not". Na jibu sahihi lisiwe refu kuliko mengine. Walimu tuna tabia ya kulipamba jibu sahihi ili lisibishaniwe, na watoto wameshalijua hilo: wasipoelewa wanachagua refu.

Kuna pia zoezi la kujaza mapengo ndani ya kifungu, ambalo Mmarekani Wilson Taylor alilianzisha mwaka 1953. Acha sentensi ya kwanza ilivyo, kisha ondoa kila neno la saba. Wakenya wanalijua vizuri. KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, huwa nalo kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza, mapengo 10. Ni zuri la kuwapanga wanafunzi wageni kwa haraka mwezi Januari. Lakini linachanganya sarufi na ufahamu kwenye chungu kimoja, kwa hiyo silitumii peke yake.

Sasa jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Kwa Kidato cha Kwanza, muhula wa kwanza, ruhusu majibu ya maswali magumu yaandikwe kwa Kiswahili. Najua kuna shule zenye ubao mlangoni unaosema ongea Kiingereza. Lakini ukimwuliza mtoto kwa nini simu ya mama wa chai haikumsaidia Neema, akaacha wazi, kuna mambo mawili yanayowezekana: hakuelewa, au ameelewa na hana Kiingereza cha kulieleza. Kwenye karatasi yote mawili ni sifuri, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Wa kwanza anahitaji kusoma, wa pili anahitaji kuandika. Nilipoanza kuruhusu Kiswahili, kuna watoto niliokuwa nimewaandika ni dhaifu wakaniandikia "hana namba ya kaka yake kichwani, simu ya mama haina maana". Sawasawa kabisa.

Angalizo moja tu hapo: saa. "At four" ni saa kumi, na ukipokea majibu ya Kiswahili utaletewa "saa nne". Waagize waandike saa kwa tarakimu kama zilivyo kwenye kifungu, 4:00 na 5:30, ubishi uishe.

Hatua ya nne: kusikiliza

Hapa ndipo wengi tunaporuka. Mtihani wa Kidato cha Nne hauna sehemu ya kusikiliza sauti, na jirani zetu Kenya wanapima stadi za mazungumzo kwenye KCSE kwa karatasi na kalamu. Kisicho kwenye mtihani hakifundishwi, ndivyo tulivyo. Lakini huyohuyo mwanafunzi anasikilizishwa Fizikia kwa Kiingereza kila siku, na hakuna aliyewahi kupima kama anasikia kitu.

Kwanza, andika mazungumzo, usiandike insha. Insha iliyosomwa kwa sauti ni ngumu hata kwa mzungumzaji wa kuzaliwa, kwa sababu imejaa sentensi ndefu zisizo na pa kupumua. Tangazo, maelekezo ya njia, watu wawili wakipatana bei, simu ya mzazi kwenda shuleni: hivyo ndivyo vitu vinavyosikilizwa. Mfano:

"Good morning, Form Two. The trip to Bagamoyo is not on Friday any more, because the bus is being repaired. We are leaving on Saturday, at six thirty, not seven. If you haven't paid, bring fifteen thousand shillings. And please carry your own lunch. Last year some people said they would buy food there, and you remember what happened."

Maswali manne yanatoka humo bila jasho: siku gani, saa ngapi, kiasi gani, na mwaka jana unadhani kilitokea nini. Siku na saa zina habari iliyobadilishwa, "Friday" na "seven" zikiwa mitego. La mwisho linataka kukisia, maana mwalimu hakusema kwamba watu walishinda njaa, amesema "mnakumbuka".

La tatu ndilo linalowaangusha wengi. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu limezoea kuungojea hapo. "Fifteen" ikitamkwa kwa mkazo huo inageuka kuwa pacha wa "fifty". Kwa hiyo mtoto anaandika 50,000, na si uzembe. Weka jozi hizi kwa makusudi, "thirteen" na "thirty", "sixteen" na "sixty", lakini ndani ya habari, ambamo maana inamsaidia. Orodha ya "ship" na "sheep" inapima matamshi; ufahamu ni kitu kingine.

Kasi. Kiingereza cha kawaida cha mazungumzo huenda kwenye maneno 150 hivi kwa dakika. Kwa Kidato cha Kwanza anza na 110 au 120, uongeze kila muhula. Namna ya kupima ni rahisi: hesabu maneno ya matini yako, jirekodi kwa simu, angalia dakika. Usipunguze kasi kwa kukata neno moja moja kama unayetoa imla. Mtoto akizoea hivyo hatamwelewa mtu yeyote duniani isipokuwa wewe. Punguza kwa kutua kati ya kirai na kirai.

Sauti isiwe yako pekee. Wanafunzi wako wanakuelewa wewe, macho yako na mikono yako. Mwombe mwalimu wa kike na wa kiume wasome mazungumzo, urekodi kwa simu mahali patulivu. Lafudhi ya Mtanzania, Mkenya au Mganda ni halali kabisa, na ndiyo watakayokutana nayo kazini. Taarifa ya habari ya BBC waachie Kidato cha Nne.

Kisha chumba. Jaribio langu la kwanza la kusikiliza lilikuwa mwezi Aprili, chini ya bati lisilo na dari. Kifungu kilianza, mvua ikaanza. Nilipandisha sauti ya kispika hadi mwisho, nikasimama juu ya kiti nimekishika kama mhubiri wa stendi, na bado safu mbili za mbele tu ndizo zilizosikia. Nilisahihisha karatasi zile kwa ubishi, halafu nikazitupa. Sasa nafanya asubuhi, kipindi cha kwanza, kabla jua halijawasha bati na kabla darasa la jirani halijachangamka. Kispika nakiweka katikati ya darasa, naenda kukaa kwenye kona ya mwisho na kusikiliza mwenyewe. Nisipolisikia neno la mwisho la sentensi, naligawa darasa mara mbili: nusu ndani, nusu nje na kazi ya kuandika, kisha wanabadilishana kifungu kingine chenye uzito uleule.

Sauti ichezwe mara ngapi? Mitihani mikubwa ya Kiingereza ya kimataifa yenyewe haikubaliani: IELTS, inayofanywa na wengi wanaoomba viza au vyuo vya nje, inacheza mara moja tu, maswali 40 ndani ya kama nusu saa, wakati B2 First ya Cambridge inacheza kila sehemu mara mbili. Mimi nacheza mara mbili. Darasani hakuna anayeomba viza. Nawapa maswali kwanza na dakika moja ya kuyasoma, nacheza, nasubiri sekunde 30, nacheza tena, kisha dakika mbili za kumalizia. Katikati sielezi neno wala sirudii sentensi kwa mdomo wangu, hata wakinililia.

Hatua ya tano: lijaribu kabla hujalitoa

Mpe mwalimu mwenzako alifanye kweli, kwa kalamu. Akikosa swali, usimcheke. Swali ndilo bovu. Akipata majibu mawili yanayokubalika, rekebisha au futa.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Karatasi zikiwa haba, kifungu cha maneno 200 kinaenea ubaoni. Kiandike mapema, ukifunike kwa khanga au karatasi za manila. Au toa nakala moja kwa dawati. Kuangalizia kutakuwepo. Panga maswali ya kuchagua kwa mifuatano miwili, A na B, na wakae wakipishana. Kwa maswali ya kueleza sihangaiki sana. Majibu mawili yanayofanana neno kwa neno yanajisema yenyewe.

Hatua ya saba: kusahihisha

Andika mwongozo wa kusahihishia kabla ya kuona karatasi hata moja, ukiweka majibu yote unayoweza kuyakubali. Ukishaanza kusahihisha, ongeza yale ambayo hukuyawaza, urudi kwenye karatasi ulizokwisha kupitia.

Usikate alama kwa sarufi wala tahajia. Aliyeandika "becose she not know number of him" ameelewa. Mpe alama yake kamili. "Satuday" kwenye kusikiliza ni Saturday. Sarufi ina jaribio lake, na ukiichanganya humu unarudi kulekule kwa kutojua mtoto ameangukia wapi.

Hatua ya nane: soma matokeo kwa swali, si kwa jina

Jumla ya alama inampendeza mwalimu wa taaluma, lakini haikwambii kitu. Chora jedwali, majina upande mmoja na namba za maswali juu, weka alama ya vema kwa kila aliyepata. Kwa darasa la 80 ni kazi ya saa moja, na unaweza kuwapa viranja wakusaidie kwa karatasi zenye namba badala ya majina.

Kwa kila swali gawanya waliopata kwa wote waliofanya. Waliopata wakiwa 60 kati ya 80, ni 0.75, swali jepesi kiasi. Ikiwa 0.95, halijampima mtu. Ikiwa 0.10, ama ni gumu mno ama jibu lako ndilo lina kosa. Kisha chukua wanafunzi 20 wa juu na 20 wa chini. Wa juu waliopata swali wakiwa 18 na wa chini 6, tofauti ni 12, ukigawa kwa 20 ni 0.6: swali zuri, lihifadhi kwenye daftari lako pamoja na namba hizo. Tofauti ikiwa karibu na sifuri, swali halitofautishi. Na ikiwa hasi, yaani wa chini wamepata kuliko wa juu, kaangalie jibu ulilolipanga. Kwangu imewahi kutokea mara mbili, na mara zote mbili waliokosea walikuwa wawili: mimi na kifungu.

Halafu linganisha kusoma na kusikiliza kwa kila mtoto. Utawakuta wenye 9 kwenye kusoma na 3 kwenye kusikiliza. Hao wamejifunza Kiingereza kwa macho. Utawakuta pia wa kinyume chake, mara nyingi watoto wa filamu na nyimbo, au waliokulia karibu na watalii. Wachanganye kwenye dawati moja.

Mwisho waite watano waliokosa swali lilelile, mmoja mmoja, uwaombe wakusimulie kifungu kwa Kiswahili. Hapa usiwe na haraka. Kwenye lile tangazo la Bagamoyo, kijana mmoja mwenye kusoma kuzuri alikuwa ameandika "Friday". Nilidhani hajui maana ya "any more". Nikamchezea tena, akanitafsiria yote bila kigugumizi, mpaka basi kutengenezwa.

"Sasa kwa nini uliandika Friday?"

"Madam, nilisikia Friday nikaanza kuandika. Nilipomaliza kuandika, wao walishafika kwenye hela."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilikuwa nasikiliza hela."

Tangu wiki ile, sauti ikichezwa mara ya kwanza kalamu zote zinakaa juu ya dawati na mikono inakaa mapajani. Wanaandika baada ya sauti kuisha.